Sitini Iliyoganda

Mimi nina kichwa kigumu na mudomo mwingi, kila mutu wa mtaa wetu wa Mapendo anajua. Lakini siku ile nilikubali kufundishwa.

Nilikuwa nimewawekea watu wa kituo cha afya programu yangu, ya kuonyesha oksijeni iliyobaki ndani ya chupa. Mchana ule aliyehitaji hiyo oksijeni alikuwa mutoto mumoja, wa miezi mine, mapafu mabaya. Mama yake, Mukagasana, alimuleta kutoka Rutshuru. Kioo cha ordinateur, yaani kompyuta, kilisema sitini kwa mia, nami nilikuwa nikijisifu mbele ya infirmière, muuguzi wetu, Mama Ernestine.

Yeye hakunisikiliza. Aliangalia midomo ya mutoto, akaniuliza hiyo sitini iko pale tangu saa ngapi. Sikujua. Akainama kwenye kipimo cha shingoni mwa chupa. Mushale wake ulikuwa umelala kwenye sifuri.

Mungu wangu! Tuliburuta chupa ya pili. Ufunguo wa kufungulia chupa uliteleza mikononi mwangu mara mbili, Ernestine akaninyang'anya. Hewa ikaanza kupita. Kifua cha mutoto kilikaa kimya, kikakaa, halafu kikapanda. Nililia, sioni haya kusema.

Nikafungua programu. Ndani yake kazi mbili zinakimbia pamoja: moja inachora kioo, nyingine iko nyuma inasoma chupa. Kwa uvivu wangu, ile ya nyuma niliiacha iandike kwenye kioo yenyewe. Zikagongana, kioo kikaganda, na chupa ikaendelea kuisha.

Pale kituoni, ubao wa wagonjwa anauandika Ernestine peke yake. Wengine wote wanatia kikaratasi kwenye bakuli, naye anakisoma na kuandika akiwa tayari. Wiki nzima nilimucheka, eti mambo ya wazee. Sasa nikaiga kama mwanafunzi: kazi ya nyuma iache ujumbe kwenye foleni, ile inayochora iuchukue yenyewe. Namba zikaanza kutembea. Tisini na nane. Tisini na saba.

Nikaenda kumuambia Mukagasana kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba nimeshalitengeneza. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Njia yote kutoka Rutshuru niliangalia kifua chake," akasema. "Nilipofika hapa, nikaangalia namba yako."

Programu ilikuwa imepona. Nilizima kioo hata hivyo, nikavuta kiti karibu naye, tukamuangalia mutoto.