Nyumba Isiyo na Majivu

Ungemuuliza Cephas watu wa kale wa Krete walikula nini, angekujibu bila kukuna kichwa. Ungemuuliza mdogo wake ana watoto wangapi, angeinama kufunga kamba za viatu. Mwacha mila ni mtumwa, wanasema. Huyu aliacha zake akasomea za wenzake, na Wazungu wakampa shahada.

Alirudi kijijini kwao Kisegi mwaka wa 1966, likizo fupi kutoka kwenye kazi yake ya kufukua miji iliyozikwa huko Krete, baada ya miaka mingi ya kutoonekana. Jared, mdogo wake, alimpokea kwa samaki na kwa kiti cha wageni. Kiti hicho kilimuuma.

Asubuhi Jared akampeleka kuiona nyumba yake. Mila ya Wajaluo haina mzaha: mdogo hatoki kwa baba kwenda kuanzisha boma lake kabla ya mkubwa. Basi Jared alikuwa amemjengea kaka yake simba, nyumba ya kijana, karibu na lango la marehemu baba yao, ili mwenyewe aje, aoe, ahame, naye apate njia. Miaka ikapita. Jared, Awino mkewe na watoto wakazidi kubanana katika chumba kimoja.

Paa lilikuwa limeanguka, kuta zimerudi kuwa udongo. Cephas alichuchumaa, kwa mazoea tu, akapapasa sakafu kwa vidole. Hakukuta mafiga wala kigae cha chungu. Majivu hayakuwepo hata ya kiko.

"Ukifukua nyumba kama hii huko kwenu," Jared aliuliza, "utasema mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani?"

"Nitasema hakuwahi kuwepo."

Huko Krete walimwita mgeni, naye alivumilia kwa sababu alijua ana kwao. Sasa hata huku alikuwa mgeni. Alitamani aambiwe abaki. Angekubali, tena upesi. Lakini msomi mzima kuomba aliona haya, akazunguka mbuyu.

"Jenga boma lako," alisema. "Wazee wakiuliza, waambie kaka yako alishakufa."

Maneno kama hayo mtu huyatupa ili arudishiwe. Akangoja Jared akatae.

Jared aliushika mkono wake kwa mikono yote miwili.

"Asante, omera, ndugu yangu," alisema, machozi ya furaha yakimtoka.