Kaya Yenye Uwezo

Mama Sindano hakujisifu hata siku moja. Alimsifu mwanawe tu, na hapo hakuwa na breki. Akienda dukani kununua sabuni, muuzaji alipokea pesa pamoja na habari kwamba lifti za hospitali kuu, zote nne, zimefungwa na mwanawe. Fundi bomba aliyekuja kumzibulia sinki aliondoka anajua vizuri zaidi idadi ya wafanyakazi walioajiriwa na kampuni ya mwanawe (kumi na wawili, wote na bima) kuliko alivyojua watoto wa dada yake. Watu ambao maisha yao yote walikuwa wamepanda ngazi tu walijua, kwa hisani yake, kwamba lifti nzuri husimama bila kukushtua tumbo.

Mwanawe mwenyewe, Mhandisi, alikuwa na haya. Kila mama yake alipofungua mdomo mbele ya watu, alimvuta mkono wa gauni taratibu na kusema, "Mama, inatosha." Wala haikutosha kamwe.

Tusimcheke sana. Mama Sindano alishona sare za shule miaka thelathini na minane katika chumba cha kupanga chenye dirisha moja, na mtoto huyo alimlea peke yake. Alishona sare za watoto wa watu, na wa kwake akavaa iliyotokana na mabaki, mfuko mmoja ukiwa na rangi iliyokoza kuliko mwingine. Kila mwanzo wa mwaka alikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mwalimu mkuu kuomba barua ya msamaha wa ada. Barua zilikuwa sita, kwa miaka sita, na kila moja ilikuwa na mstari uleule uliopigwa chapa: *Mzazi hana uwezo.* Alizihifadhi kwenye droo ya cherehani, chini ya vibobini vya uzi. Siku mwanawe alipohitimu chuo, alisimama uani akamwambia Mungu kwa sauti ya kusikika hadi kwa majirani kwamba ahsante, ameshukuru, ila jina lake lisiandikwe tena kwenye karatasi ya namna ile mpaka anaingia kaburini.

Basi Jumapili moja mchana Mhandisi akaja na bahasha. Alikuja na binti yake wa pekee, ambaye bibi alimwita Profesa kwa sababu ya miwani na ubishi. Profesa alikuwa amepata nafasi ya kusomea udaktari wa wanyama, miaka sita, mwakani anaanza. Bibi alikuwa ameshautangazia mtaa mzima.

"Mama, kuna karatasi ya kutia saini," alisema Mhandisi. "Dakika mbili tu."

"Karatasi ya dakika mbili haiji na bahasha nene hivyo. Eleza."

Akaeleza. Serikali ilikuwa na Akaunti ya Elimu. Mzazi akiweka akiba humo, fedha hiyo haikatwi kodi, na juu yake serikali inaongeza theluthi. Lakini kuna mstari. Kaya inayopata kupita mstari huo haipati msamaha wala nyongeza. Yeye na mkewe, mfamasia mwenye duka la dawa, walikuwa wameupita kwa mbali. Mhasibu wake ndiye aliyempa akili: akaunti ifunguliwe kwa jina la bibi, iandikwe kwamba mtoto analelewa na bibi, na bibi hana kipato.

"Na mkeo anasemaje?"

"Anasema yeye hayumo."

"Mwanamke mwenye akili. Kwa hiyo niseme Profesa namlea mimi?"

"Si kila likizo yuko hapa?"

"Na niseme sina kitu?"

"Kwani unacho, mama?" Mhandisi alicheka kidogo. Alitania tu, lakini neno hilo lilimchoma mama yake mahali ambapo hakutarajia.

"Ninaye wewe," alisema.

Mhandisi akaacha kucheka. Akaanza kutetea hoja yake, na tuseme ukweli, haikuwa hoja ya kipuuzi. Kila mwezi alikatwa kodi kabla hajaigusa pesa yake. Jirani yake mwenye maduka matatu hakuandika hata risiti, mbele ya serikali alikuwa maskini wa kutupwa, na watoto wake wawili walikuwa wanakula nyongeza. "Mimi nikiwa mkweli ndiyo naadhibiwa? Haki iko wapi hapo? Bila nyongeza hiyo, mama, lile gari la kubebea vipuri silinunui miaka mitatu. Vijana wataendelea kubeba nyaya begani."

"Jirani yako ni mwizi. Hilo tunakubaliana."

"Basi."

"Basi nini? Nimesema yeye ni mwizi. Sijasema kuna nafasi ya pili."

Profesa akaguna kwa kicheko, baba yake akamtazama, naye binti akavua miwani na kuanza kuifuta.

Mama Sindano alimtazama mjukuu wake akifuta miwani. Mtoto huyu, akiwa na miaka saba, aliwahi kufunga mguu wa kuku kwa kipande cha rula na uzi wa bibi yake, na kuku akatembea. Moyo ukamlegea. Alijua anachoombwa: aandikwe tena kile alichoapa hataandikwa. Lakini kwa mtoto huyu angemeza sindano na boksi lake.

"Nitakuja," alisema. "Usinitazame hivyo, nimesema nitakuja."

Jumanne asubuhi wakawa kwenye ofisi ya Akaunti ya Elimu. Ukumbi ulikuwa na safu za viti vya chuma vilivyounganishwa, ukitikisika wewe, watu watano wanatikisika. Walipewa namba sitini na moja, dirisha la nne. Mlangoni Mhandisi alikuwa amemnong'oneza mama yake neno la mwisho kutoka kwa mhasibu: "Wakiuliza mimi ni nani, sema jirani. Nimekusindikiza tu." Alilisema huku akitazama viatu vyake. Kisha akaenda kusimama karibu na ukuta, kama jirani kweli.

Kando ya Mama Sindano aliketi mwanamke wa makamo aliyeshika namba sitini na mbili. Mikononi alikuwa na barua, ameikunja ili maandishi yawe ndani, na kidole gumba amekikandamiza juu yake isije ikafunguka. Mama Sindano hakuhitaji kuisoma. Yeye mwenyewe alizikunja sita za namna hiyo, kwa mkunjo huohuo.

"Umekuja mapema, dada?" aliuliza.

"Mwaka huu nimewahi. Mwaka jana nilifika, fungu la nyongeza likawa limeisha. Wanasema na safari hii limebaki kidogo." Mwanamke akashusha sauti. "Kijana wangu anataka uhandisi. Amefaulu vizuri. Mimi nafagia tu ofisi, lile jengo la ghorofa tisa karibu na mahakama."

"Lenye lifti mbili za vioo?"

"Hizohizo! Unazijua? Lifti nzuri zile. Haziyumbi, wala hazijawahi kukwama tangu nianze kazi. Aliyezifunga Mungu ambariki, maana ndoo zangu na mgongo huu tungekoma."

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mama Sindano akauma ulimi. Maneno yalimjaa hadi kooni. Lifti zile! Alikuwa na picha yake siku ya uzinduzi, mwanawe amevaa kofia ya njano! Na hakuweza kusema, kwa sababu leo hakuwa na mtoto. Leo alikuwa bibi mmoja asiye na kitu, na pale ukutani alisimama jirani. Alimtazama jirani huyo. Akaona shati alilompigia pasi mwenyewe asubuhi ile. Tangu azaliwe hakuwahi kumwona mwanawe akiwa mdogo namna ile, hata siku za mfuko wa rangi mbili.

"Namba sitini na moja!"

Karani wa dirisha la nne alikuwa kijana mwenye heshima. "Shikamoo, bibi. Karibu." Akachukua karatasi, akaanza kusoma na kuweka alama. Jina la mtoto. Chuo. Mlezi. Profesa alisimama kando ya bibi yake, ameshika ukingo wa kaunta. Mhandisi akasogea, akasimama hatua mbili nyuma yao.

"Kipato chako, bibi, hapa imeandikwa hakuna. Una mtoto yeyote mwenye kazi anayekutunza?"

Mama Sindano alitazama muhuri uliokuwa mezani kwa karani. Karani akainua macho, akamwona mwanaume nyuma.

"Na huyu bwana ni nani kwako?"

Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa fupi. Alifungua mdomo alitoe. Mbele ya macho yake ikaja ile siku ya barua ya tatu, mwalimu mkuu alipomuuliza, "Na huyu mtoto ni wako?" kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mzigo ulioachwa njiani. Siku ile, na njaa yake, alijibu ndiyo bila kupepesa macho.

"Huyu?" alisema Mama Sindano. "Huyu ni mwanangu."

Breki zikakatika. "Mwanangu wa kumzaa, wa pekee! Mhandisi wa lifti. Lifti za hospitali kuu ni zake, za benki ni zake, na zile mbili za jengo la karibu na mahakama, zisizoyumba, ni zake! Ameajiri watu kumi na wawili. Mkewe ni mfamasia. Mimi sikosi kitu, kijana, hata dawa ya presha naletewa mlangoni na dereva!"

Nyuma yake Mhandisi alikuwa ameshanyoosha mkono kuvuta mkono wa gauni, kwa mazoea. Mkono ukabaki hewani.

Karani alikohoa. Akashusha sauti, akainama karibu na kioo. "Bibi, mimi hilo naweza nisiwe nimelisikia. Nikiliandika, nyongeza hakuna. Na akiba yenu itakatwa kodi kama kawaida."

"Umelisikia vizuri, na masikio yako mazima. Andika." Akamgeukia mwanawe. Sauti ilishuka, lakini haikulegea. "Wewe ulidhani ada yako ililipwa na malaika? Miaka sita kuna watu walikatwa, wakanung'unika, wakalipa. Nilikuwa nawaombea usiku bila kuwajua majina. Leo zamu yetu imefika, halafu unataka nikufiche wewe? Mimi nimeshona mpaka vidole vikafa ganzi ili siku moja nikuonyeshe kwa watu. Sikufanya kazi yote ile ili nikuite jirani."

Mhandisi alishusha mkono. Macho yalimjaa machozi mbele ya watu, yeye mwenye haya. Kisha akapiga zile hatua mbili, akaweka mikono yote juu ya kaunta.

"Nipe fomu nyingine, ndugu yangu," alimwambia karani. "Mlezi ni mimi, baba yake. Kipato nitaandika chote. Hakuna kitakachopunguzwa."

"Na gari, baba?" Profesa aliuliza polepole.

"Gari litasubiri. Wewe utasoma." Akamshika mama yake bega. "Nisamehe, mama."

"Andika kwanza," alisema Mama Sindano, ingawa alikuwa ameshamsamehe tangu hatua ya kwanza.

Aliandika. Karani akapiga mihuri miwili, akakata nakala, akaipitisha chini ya kioo. Mama Sindano aliishika kwa mbali, kisha kwa karibu, herufi zikamkataa.

"Nisomee, Profesa. Hapo palipogongwa muhuri."

Profesa akasogeza miwani. "*Kaya yenye uwezo,*" alisoma. "*Haistahiki msamaha wala nyongeza.*"

"Rudia."

"Kaya yenye uwezo, bibi."

Mama Sindano akaichukua karatasi. Hakuikunja. Aliibeba mbele ya kifua, maandishi nje, akapita nayo katikati ya safu za viti kama mtoto aliyetoka kuchukua zawadi shuleni. Namba sitini na mbili alikuwa ameshasimama, anakuja dirishani na barua yake iliyokunjwa. Walipopishana alimshika bibi mkono, akauliza kwa wasiwasi:

"Mmepata?"

"Tumekosa!" alisema Mama Sindano, uso wote ukimeremeta. "Tumekosa, dada yangu! Wahi, fungu lipo, lako halijaguswa. Na hizo lifti zenu mbili, unamwona huyu? Ngoja kwanza nikuambie..."

Karani aliita sitini na mbili mara ya pili. Mhandisi hakumvuta mama yake mkono wa gauni. Alisimama hapohapo mbele ya ukumbi mzima, akangoja mpaka amalize.