Alama Nyekundu ya Mshonaji

Siku ya tatu bila mteja, mshonaji alikuwa ameshajua wa kumlaumu. Mke wa mwanawe ndiye aliyetengeneza ile programu ya simu inayoonyesha mafundi wa mtaa kwenye ramani: alama ya kijani, fundi yupo; nyekundu, amefunga. Alama ya mshonaji ilikuwa nyekundu, na mlango wake wazi tangu asubuhi. Ya fundi wa ng'ambo ya barabara ilikuwa kijani. Na fundi huyo ni shangazi yake yule binti mkwe.

Alimwomba Mungu amzuilie ulimi, humo humo akimshtaki binti kwake, kisha akaanza kuchungulia. Binti akikaa kwenye kompyuta yake humo dukani, mshonaji hupita nyuma yake akitafuta mara sindano, mara mkasi, na vyote anavyo mfukoni. Hakuambulia kitu, maandishi yalikuwa kama sisimizi waliomwagika.

Akachukua simu yake mwenyewe. Ramani ilifunguka, alama yake kijani. Akaisogeza kwa kidole hadi sokoni, akairudisha. Nyekundu. Akarudia mara sita huku jicho moja liko kwa binti, ambaye wakati wote huo alikuwa anakunywa chai.

"Mama, unanipekua kwa macho tangu jana. Sema tu."

"Alama yangu inageuka nikiipa kisogo. Nani anaigeuza?"

Binti akaipokea simu, akasogeza, akarudisha. Kisha akajipiga paji la uso. Alieleza kwamba simu haichori alama mpya kila mara. Inayotoka nje ya kioo huokotwa ikapewa fundi mwingine anayeingia. Yeye alisahau kuifuta rangi ya zamani kwanza. Nyekundu ile ilikuwa ya shangazi, aliyesafiri tangu Jumatatu, na shangazi akabaki na kijani cha mama.

Mshonaji hakuamini mpaka aliposogea dirishani. Siku tatu hakuwa ametupa jicho ng'ambo, kwa kinyongo. Mlango wa shangazi ulikuwa na kufuli, na mbele yake wanawake wawili wenye vitambaa vya sare wakigonga.

Kurekebisha hakukuchukua hata robo saa. Mshonaji alisogeza ramani mara kumi na mbili, akihesabu. Kijani, kijani. Nje, mmoja wa wale wanawake aliitazama simu yake, akamvuta mwenzake, wakaanza kuvuka.

"Nimekusemea vibaya kwa Mungu siku tatu," mshonaji alisema, akichukua futi yake ya kupimia.

"Basi, mama, kanirekebishie na mimi alama yangu huko."