Pweza wa Wageni

Kosa lilianza na maboksi ya chakula. Ratiba ya kongamano la kanda la wahifadhi wa samaki na wanyamapori, lililofanyika Chake Chake wiki nzima, ilisema kwamba siku ya nne washiriki watavuka kwenda Makoongwe kuutazama mwamba uliofungwa, na kwamba chakula chao cha mchana kitatoka hotelini, kila mtu na boksi lake. Aliyeiandika ratiba hiyo hakuwa Mpemba, au kama ni Mpemba basi malezi alikwishayasahau.

Rahila Hamad, afisa uvuvi na mtoto wa Makoongwe, ndiye aliyempigia simu mama yake kumpa habari. Mama yake, Bi Moza, ndiye mkubwa wa wanawake wa kisiwa hicho wanaokwenda mwambani na mikonjo yao, vijiti vya ncha kali, kuchokoa pweza mashimoni.

"Mama, msipike kesho kutwa. Wageni watakuja na chakula chao."

"Waje na chakula chao? Kwani kuno wanakuja makaburini?"

"Ndivyo ilivyopangwa, mama. Wao wakishatembezwa mwambani wanarudi zao."

"Haya, mwanangu. Nshasikia."

Rahila akakata simu akidhani ameeleweka. Mtu mwenye shahada ya mambo ya bahari alipaswa kujua kwamba mama wa Kipemba akisema nimesikia, hajasema nimekubali. Lakini siku zile Rahila hakuwa na masikio. Alikuwa na kongamano.

Tena si kongamano dogo. Walikuja watu kutoka Kwale, Lamu, Msumbiji na Komoro, wengine wa samaki, wengine wa popo na paa, kila mmoja na kitambulisho shingoni. Siku ya pili Rahila alipanda jukwaani akaeleza habari za Makoongwe: kwamba wanakijiji waliufunga mwamba wao kwa hiari ili pweza wapate kukua na kuzaa, kwamba walikula kiapo msikitini, na kwamba mwamba ule hauna mlinzi wala boti ya doria kwa sababu hauhitaji. "Sisi tunalindwa na aibu," alisema, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Alishuka jukwaani anang'aa. Sentensi ile ilimpendeza mno, hata jioni aliirudia kwa watu wawili watatu ambao walikuwa wameshaisikia.

Kilichokuwa mizanini ni jina lake, na jina la kijiji chake. Wazee wa Makoongwe hawakuutaka mwamba ufungwe. Ni Rahila aliyewabembeleza nyumba hadi nyumba, na ni Bi Moza aliyesimama mbele ya wanawake akasema, mwanangu hawezi kunidanganya. Kwa neno hilo wakakubali.

Siku ya nne ikafika. Mashua ziliposhusha wageni, maboksi yao mikononi, walipokelewa kwa dufu na ubani, kisha wakaongozwa moja kwa moja mpaka kwenye majamvi yaliyotandikwa kivulini. Masinia yalikuwa yamekwishapangwa. Kawa zikafunuliwa, mvuke ukapanda: wali wa nazi, na juu yake pweza wa nazi, mwekundu, mnono, mikono yake minene kama kifundo cha mkono wa mtu mzima. Wageni wakaguna kwa raha. Maboksi yaliachwa pembeni, na mbuzi wa Makoongwe siku hiyo wakala mkate wa hoteli.

Rahila alimtazama pweza yule, akajua. Kwenye miamba iliyo wazi pweza hapati nafasi ya kukua; akitimia ukubwa wa ngumi tu, ameshachokolewa. Pweza wa unene ule hutoka mahali pamoja tu, pale palipoachwa pakapumzika. Alimwinulia mama yake macho. Bi Moza alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, kanga begani, anatabasamu kama mtu aliyeozesha.

Angeweza kumwita pembeni. Angeweza kuinuka pale pale. Badala yake Rahila akanawa mikono, akamega tonge, akala. Pweza alikuwa mtamu, na utamu ule ulimuudhi. Akachukua kipande cha pili, kwa sababu jirani yake kwenye sinia alikuwa Bi Kauthar, mama wa Lamu aliyekuwa mwenyekiti wa kongamano, na Bi Kauthar alikuwa amesita kula, kipande kimoja mkononi, anakigeuzageuza.

"Pweza mkubwa hivi, mwanangu, mmempata wapi?"

"Bahari ya Pemba ina baraka, Bi Kauthar," akajibu Rahila, akacheka. Bi Kauthar naye akacheka, akala.

Baada ya adhuhuri maji yakapwa, msafara ukateremka mwambani. Mbele alitangulia Sheha wa kijiji, Mzee Jaribu, mtu wa mikarafuu na ng'ombe ambaye maishani mwake hajawahi kuchokoa pweza hata mmoja. Aliambiwa chakula kimenunuliwa Mkoani, naye akaamini, maana jikoni si pake. Nyuma yake wageni waliovaa viatu vya mpira walijitahidi wasikanyage matumbawe. Bi Moza alibaki kuosha vyombo.

Mwamba ulikuwa umepigwa. Hakuhitajika mtaalamu kuliona hilo. Mawe yaliyofunika mashimo ya pweza yalikuwa yamepinduliwa, matumbo yake meupe yameelekea juu, na midomo ya mashimo imevunjwa. Walikwenda shimo baada ya shimo. Mgeni wa Msumbiji aliyekuwa akipiga picha aliishusha kamera yake polepole, kwa heshima, kama mtu aliyeingia chumbani kwa watu wakati si wake. Heshima ile ndiyo iliyomchoma Rahila kuliko yote. Afadhali wangecheka.

"Huu umepigwa jana," alisema Bi Kauthar kwa sauti ya chini.

Mzee Jaribu alianza kutetemeka ndevu. "Nani? Nani kathubutu?"

Wote wakamgeukia afisa. Rahila alihisi uso unawaka mpaka masikioni, na kabla hajajua anataka kusema nini, mdomo wake ulikuwa umeshasema. "Kuna watu wa dago, Sheha. Wale waliopiga kambi upande wa pili wa kisiwa. Wao hawakula kiapo pamoja na sisi."

Ni uongo, na ulitoka umenyooka kabisa, hauna hata kigugumizi.

Watu wa dago ni wavuvi wanaohama na vyombo vyao, wanakaa ufukweni mwa wenyewe wiki mbili tatu kisha wanaondoka. Wakipotea kuku kijijini, wao ndio wa kwanza kuulizwa. Wakaitwa. Alikuja kiongozi wao, Hafidh, mtu mzima mwenye mvi, na wenzake nyuma yake. Akaulizwa mbele ya wageni wote. Akakana. Akaulizwa tena, akaapa kwa Mungu kwamba mguu wake haujakanyaga mwamba ule.

"Kila mwizi huapa," alisema Mzee Jaribu. "Basi isomwe halbadiri. Baada ya alasiri, hapa hapa, na wageni wetu washuhudie kuwa Makoongwe hatufugi wezi."

Mtu wa Pemba akisikia halbadiri hupunguza sauti. Husomwa majina ya watu wa Badri, huombwa Mungu amdhihirishe mwovu, na inaaminiwa kwamba atakayekuwa na hatia hatasalimika katika mwili wake, au akili yake, au kizazi chake. Rahila aliwahi kusimama chuo kikuu akaiita hofu ya watu wasiosoma. Sasa alikuwa akirudi kutoka mwambani nyuma ya watu wote.

Alasiri ikasaliwa. Watu wakakaa uwanjani mbele ya msikiti, wanaume mbele, wageni kwenye viti vya skuli ubavuni, wanawake nyuma. Bi Moza alikuja na wenzake, mikono bado ina harufu ya sabuni, akaketi chini. Wenzake walitazama mchanga. Yeye alitazama mbele. Chetezo kikawashwa, na Mwalim Nyange, msomeshaji wa chuo cha Kurani, akakiweka kitabu juu ya rehali.

"Kabla sijafungua," alisema Mwalim, "mwenye lake aseme. Nikianza, sisiti. Na tusiende mbali kutafuta. Kikulacho ki nguoni mwako."

Watu wakamgeukia Hafidh. Hafidh aliinamisha kichwa. Katika maisha yake alikuwa ameshatazamwa hivyo mara nyingi.

Rahila alikaa baina ya Bi Kauthar na mgeni wa Komoro. Pweza alikuwa bado tumboni. Alijiambia: nitasema sasa. Kisha akaona kamera, akaona vitambulisho shingoni mwa watu, akaikumbuka sentensi yake ya jukwaani, akajiambia: nitasema akipiga bismillahi. Mwalim akakohoa kusafisha koo. Akafungua kitabu. Rahila akajiambia: akimaliza ukurasa wa kwanza. Aibu ilikuwa imemkalia miguuni, hainuki, wala yeye haamini kwamba ni yeye aliyekaa pale na mama yake yuko nyuma.

"Mwalim, funga kitabu."

Bi Moza alikuwa amesimama.

"Ni miye. Jana maji yalipopwa nliingia mwambani na wenzangu, na wenzangu niliwaita miye, walinifuata. Nliambiwa wageni wanakuja na chakula chao. Nikaona, mtu atoke Msumbiji, atoke Komoro, aje kwangu ale kwenye kiboksi? N'kasema tutatwaa wawili watatu. Tulipoanza, hatukujua kuacha." Akanyamaza, akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Kaka Hafidh, n'samehe. Nyie hamna kosa. Na mwanangu hana habari ya jambo hili. Kala kama walivyokula wageni wengine."

Mzee Jaribu alivua kofia yake, akaivaa tena. Kiapo ni kiapo, alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imechoka. Bi Moza hatakanyaga mwambani mpaka mwaka upinduke, si mwamba huu wala mwingine, na mkonjo wake auweke kwa Sheha. Bi Moza akasema sawa. Mwanamke aliyeingia baharini tangu hajavunja ungo, alisema sawa kama anayeombwa chumvi na jirani.

Ndipo Bi Kauthar akainuka. Alisema ameona miamba ikifungwa katika pwani nyingi, na ameona ikiibiwa katika nyingi zaidi. Ila leo ameona jambo asilowahi kuliona: mtu mzima kukiri mbele za watu, na afisa kijana kukaa kimya, asimtetee mama yake mzazi, akaiacha sheria ipite. Hilo, alisema, atakwenda nalo Lamu. Akaanza kupiga makofi, wageni wakafuata, na wenyeji pia kwa kuwa wageni wamepiga.

Rahila akasimama. Akasema, "Ahsanteni," akakaa.

Mashua zilipokuwa zikiandaliwa aliwakimbia wenzake akaenda nyumbani. Bi Moza alikuwa uani, amechuchumaa, anasugua masufuria kwa mchanga na makumbi, kama siku yoyote. Mkonjo wake haukuwapo tena pale ulipozoea kusimama ukutani.

"Mama, s'kunyamaza. Nlikuwa nataka kusema."

"Nshajua."

"Wallahi mama. Nlikuwa nakaribia kusema."

Bi Moza hakuinua uso. "Nlikuona ulivyokula, Rahila. Kipande cha kwanza ulikula kwa kujua, cha pili ukala kwa kuficha. Nlikuwa mlangoni, n'kakuona."

Rahila akakaa chini palepale, na sketi yake ya kongamano, kwenye majimaji ya kuoshea vyombo. Akalia kwa sauti. Mama yake alimwacha alie, akasuuza sufuria, akaifudikiza juani.

"Mbona basi hukuningoja niseme mwenyewe?" aliuliza Rahila. "Mbona ulisimama mapema vile?"

"Halbadiri sikuiogopa," alisema Bi Moza. "Kosa nlifanya mwenyewe na Mungu n'tamuomba mwenyewe. Nliogopa Mwalim ataanza kusoma na weye umekaa. N'kaona bora n'simame, mwanangu, n'sije n'kajua kama ungesimama."