Mtu wa Tano

Chuo chetu cha ufundi kilianzia kwenye ghala kuukuu la unga, na darasa la umeme nusura lisianze kabisa. Shangazi alipokwenda kujiandikisha alikuta yuko peke yake.

"Siwezi kufundisha mtu mmoja, dada yangu," mwalimu alimwambia. "Mkifika watano, tunaanza."

Shangazi hakubishana. Alizunguka mtaa mzima, akampata muuza nyama na mdogo wake, kisha jirani fundi viatu. Wa tano hakupatikana, basi akamgeukia mama mkwe wake aliyekuwa akikunja nguo.

"Mimi na umri huu, mwanangu, nikashike nyaya?"

"Ukae tu, mama, tutimie."

Alikaa tu kweli, siku mbili. Siku ya tatu aliuliza kwa nini taa ya ghalani inapepesa, mwalimu akampa bisibisi. Mwisho wa mwaka muuza nyama alikuwa ameshalirudia bucha lake, lakini bibi alifaulu, akaajiriwa papo hapo kuwafundisha wapya.

Leo chuo kina majengo manne. Mawili ya mwanzo, umeme wake ulifungwa na bibi na Shangazi. Kila walipogombania nani apande ngazi, Shangazi ndiye aliyeishia kuishika.