Karatasi Ndani ya Mpini

Mume wangu Tokuji alifua panga kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja wenye jina lake. Katika karakana ya Mzee Munetaka ndivyo ilivyokuwa, kama ilivyo katika karakana nyingi hapa Seki, mji wetu wa Japani: mwanafunzi anafua, mwalimu anatia jina. Jina hupigwa kwa patasi kwenye mkia wa upanga, ile sehemu ya chuma inayojificha ndani ya mpini. Likishapigwa, limepigwa.

Kazi yangu mimi ni kuvika mipini. Unachukua mpini wa mti uliokwisha kufunikwa ngozi ya samaki taa, unauzungushia utepe wa hariri, unaupishanisha na kuukunja mpaka unabaki mstari wa vitundu vyenye umbo la jicho. Chini ya kila mkunjo unaweka vipembe viwili vya karatasi, vidogo kuliko kucha, vilivyolowa gundi ya wali. Hakuna anayeviona, lakini pasipo hivyo utepe hulegea baada ya mwaka. Karatasi iwe ya zamani, ya gome la mforsadi, iliyotengenezwa kwa mkono, maana ya dukani hupasuka. Kwa hiyo sisi wavika mipini hatutupi karatasi kuukuu. Vitabu vya shule vya mababu, barua za watu tusiowajua, vyote tunavikata. Ukiifumua mipini ya mji huu utapata maneno ya watu waliokufa zamani, vipande vipande.

Upanga wa mwisho aliofua Tokuji ulikuwa mfupi, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Mzee Munetaka alikuwa mgonjwa wakati huo, na Tokuji alimpelekea kitandani aukague. Mzee aliugeuzageuza dirishani kwa muda mrefu. Kisha akaomba brashi na wino, akaandika: upanga huu mfupi ni mkono wa Tokuji tangu chuma ghafi hadi maji ya mwisho ya kuupoza, jina lake ndilo litiwe. Akagonga muhuri wake mwekundu. Walikuwa wawili tu chumbani.

Tokuji alikuja nyumbani na ile karatasi mchana, akakaa nayo bila kula.

"Utalipiga kesho?" nikamuuliza.

"Mwalimu yuko kitandani, mimi nijitie jina? Hapana, Mama Mitsuru. Akipona."

Mzee hakupona. Nilingoja siku arobaini na tisa za matanga, nikamuuliza tena.

"Acha kwanza mwaka wa msiba uishe," akasema. "Limengoja miaka yote hiyo, litashindwa kungoja mwaka?"

Ilipobaki miezi miwili mwaka uishe, siku moja ya mvua za Juni, alianguka kando ya tanuri akiwa ameshika koleo, akafa. Upanga ukabaki rafuni karakanani, mkia wake mtupu. Karatasi niliitia katika droo ya kabati la marehemu, lile la kumkumbukia, chini ya picha yake, pale ninapomwekea wali kila asubuhi, kuwasha udi na kupiga kengele ya kumwita.

Msimu wa majani mekundu, Yoshinori, mwana wa Mzee Munetaka, ambaye sasa ndiye mwenye karakana, alikuja nyumbani kwangu mwenyewe. Aliniletea samaki mkunga wa kuchoma, amekatwa vipande vidogo. Alikuwa amekumbuka meno yangu.

"Bibi Shigeno, ule upanga mfupi umepata mtu," akasema. "Bwana Kuwabara wa Osaka, mkusanyaji. Anautaka uvikwe kila kitu. Ala nyeusi yenye korongo wa dhahabu, mpini wa hariri ya zambarau. Na mpini simpi mtu mwingine."

"Macho yangu yamechoka, bwana mdogo."

"Mimi sijaja kwa macho. Nimejia vidole."

"Na mkiani utapiga jina gani?"

Akakuna shingo. "La baba. Unajua mambo yetu, Bibi."

"Kuna karatasi ya mkono wa baba yako. Inasema lipigwe la Tokuji."

Alikiweka chini kikombe cha chai. "Sikuijua," akasema. "Neno lako naliamini. Ila kwa Bwana Kuwabara siwezi kwenda na neno, lazima niwe na maandishi. Nikiyaona tu, nitampigia Tokuji jina lake mbele ya macho yako. Bwana Kuwabara akikataa, na akatae."

Aliyasema hayo akinitazama usoni, na si wengi ambao wangeyasema. Nikaanza kuinuka nikaichukue.

"Kaa, Bibi, kaa," akasema, akanishika bega. "Magoti hayo. Ilete siku utakayoleta mpini, ni mamoja."

Nikakaa.

Naishi na Nagisa, mke wa mwanangu Mitsuru. Mitsuru anaendesha lori la masafa marefu, tunamwona mara mbili kwa mwezi. Nagisa anafanya kazi katika kiwanda cha vikata kucha, na tangu macho yangu yalipoanza kuwa na ukungu, yeye ndiye anayenikatia vipembe. Hakuna aliyemwomba. Jioni moja alivuta mto akakaa kando yangu, akaanza.

"Mama, hivi ni vipembe au chawa?"

"Chawa wangekuwa wanene kidogo. Kata."

"Mchana natengeneza vikata kucha, jioni nakata kucha zenyewe. Mitsuru akija nitamwambia nimepandishwa cheo."

Tulipofika nusu ya mpini, sanduku la karatasi kuukuu likaisha. Nilikung'uta chini yake, hola.

"Ukiona karatasi ya zamani popote humu ndani, niletee," nikamwambia. "Bila hiyo mpini huu hausimami."

Asubuhi yake nilikuta vipembe themanini kwenye sinia, vimepangwa safu kwa safu, gundi imepikwa, na kitambaa chenye maji kimefunika bakuli isikauke. Alikuwa ameamka kabla ya zamu yake ili nisikwame. Nikashika kimoja kati ya vidole. Kilikuwa kizito na laini, hakikuvunjika nilipokikunja.

"Karatasi nzuri sana hii," nikamwambia. "Umeitoa wapi?"

"Humu humu, Mama." Alikuwa mlangoni anavaa viatu. "Nimechelewa, basi la kiwanda hilo."

Siku tatu nilifanya kazi nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu Tokuji afe. Nilivika kwa vidole, macho nimeyapumzisha. Kila mkunjo ulikaa mahali pake kama unajua njia. Nikafunga fundo la mwisho, gundi ikakauka. Kesho yake nilitakiwa karakanani, basi nikavaa kimono changu kizuri, nikawasha udi, nikafungua droo.

Droo ilikuwa tupu. Imefutwa vumbi.

Nilitoa droo yote, nikapapasa nyuma ya kabati, chini ya picha, ndani ya kisanduku cha udi. Kisha nikalikumbuka sinia. Kilikuwa kimebaki kipembe kimoja. Nilichukua kioo cha kukuzia nikakipeleka dirishani. Upande mmoja kilikuwa na mkato mweusi wa wino. Upande wa pili, kwenye ncha, alama nyekundu.

Nilichukua sindano nikaiingiza chini ya fundo la mpini. Nikaiacha hapo. Karatasi iliyokatwa vipande themanini, ikaloweshwa, ikakunjwa na kukaukia gundini, haifumuliki ikarudi kuwa karatasi. Ningepata makapi, na mpini wa zambarau ningeuharibu. Nikaichomoa sindano.

Nagisa alirudi kula chakula cha mchana, maana siku hiyo zamu ilikuwa fupi. Alisimama mlangoni, kidole kina plasta, akatabasamu.

"Umependeza, Mama. Karatasi ilitosha?"

"Ilitosha. Kimebaki kimoja."

"Niliogopa haitatosha. Ilikuwa moja tu kwenye droo ya Baba, imeandikwa kwa brashi, maandishi ya wazee yale kama nyoka wamelala. Sikujua hata neno moja." Akasita kidogo. "Nilimwambia Baba kwanza, kwa kweli. Nilipiga kengele. Nikasema Baba hatakataa, si mpini wa upanga wake?"

Nilikuwa nimeshika kioo bado. Nikakilaza juu ya meza.

"Hatakataa," nikasema.

Karakanani Yoshinori aliniwekea mto mnene wa kukalia, akanimiminia chai mwenyewe. Aliugeuza mpini mikononi. Upanga ulikuwa umelazwa juu ya gogo, mkia wazi, patasi na nyundo kando yake. Alikuwa ameniandalia. Alikuwa amevaa hata joho jeupe la sherehe.

"Karatasi, Bibi?"

Ningeweza kumwambia iko wapi. Angeniamini. Lakini angeuliza nani aliyeikata, na Seki ni mji mdogo. Kufikia Jumapili wangesema kiwandani, sokoni, hekaluni: huyo ndiye mkaza mwana aliyelikata jina la mkwewe vipande vipande. Wangelisema hilo hata akifika umri wangu.

"Nilikosea," nikasema. "Hakuna karatasi."

Alinitazama. Nikaona anavyofikiri: bibi kizee alitaka kujaribu bahati. Kisha nikaona anavyolifukuza wazo hilo, kwa heshima yangu.

"Uzee, Bibi," akasema taratibu. "Hata mimi husahau. Kunywa chai."

Akapiga jina la baba yake. Sikuondoka, kwa sababu alikuwa ameniandalia mto. Nyundo ile naijua, miaka yote hiyo nilikuwa naisikia kupitia ukuta wa karakana nikiwa na utepe mkononi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitazama. Vumbi la chuma lilianguka kidogo tu, akalifuta kwa kitambaa.

Bwana Kuwabara alifika saa nane. Mtu mstaarabu, alivua kofia nje kabisa. Kwanza aliutazama mkia, akasoma jina, akatikisa kichwa kwa furaha. "Mkono wa Munetaka," akasema. "Anayejua haambiwi." Walipoutia mpini na kugonga kigingi cha kuushikilia, akaukamata kwa mikono miwili, akafumba macho.

"Mpini huu umeshika kama mtu anakushika mkono," akasema. "Nani ameuvika?"

Yoshinori akanionyesha. Bwana Kuwabara akainama mpaka nikaona kisogo chake. Nami nikainama.

Nyumbani Nagisa alikuwa amepika supu ya maharage na figili. Aliponisikia mlangoni alikuja kunivua viatu, kwa sababu ya magoti.

"Wamesemaje?"

"Wamesema mpini umeshika."

Alicheka kwa sauti. Akaenda kwenye kabati la marehemu, akajaza bakuli la Tokuji wali mpaka ukafura, akapiga kengele ndogo. "Baba," akasema, "mpini umeshika."

Mimi nilikaa nikiuviringisha utepe wa zambarau uliobaki. Kile kipembe kimoja nilikuwa nacho ndani ya mkanda wa kimono, na sikukirudisha drooni mpaka alipotoka kwenda kuosha vyombo.