Mwaliko wa Chini ya Lava

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mapema, nisije nikasemewa. Mama mukwe alinipa koroboi iliyowashwa.

"Papa Shida, teremsha moto kwanza. Ukizimika, kuna mazuku."

Kila mutu wa Goma anayajua mazuku: hewa mbaya inayolala mashimoni, haina harufu, inaua mbuzi na mwenye mbuzi.

"Mama, volkano imetuletea moto wa kutosha," nikamjibu. "Niuongezee mwingine wa nini?" Nikaingia na tochi yangu.

Shimo lilifunguka tulipokuwa tukivunja lava pale mtaani Mapendo, tupate mawe ya kujenga upya juu ya nyumba yetu iliyofunikwa. Waasi walikuwa wameushika mji, kisha volkano ikauchoma, na mke wangu Nasiba akabaki ndani ya nyumba hiyo. Miezi mitatu nilichekesha watu kutwa, lakini kesho yangu sikuitaka tena.

Chini nikaikuta nyumba yetu. Nzima. Pazia la maua, kitanda, masufuria. Nasiba amechuchumaa anasonga bugali, na jikoni hamna moto.

"Umechelewa," akasema. "Keti."

Nikaketi. Miguu ikawa mizito, tamu, kama usingizi wa alfajiri. Nikamtania kwamba kifo kimemnenepesha. Akacheka kicheko chake kilekile, ila kifua hakikupanda wala kushuka.

"Mwanetu Shida ameng'oka meno mawili ya mbele," nikamwambia. "Akiomba mboga ya sombe, tunalowa mate sote."

Akaendelea kusonga. "Shida nani?"

Nikamwona akilini mwanangu huko juu, kitana mkononi, akiningoja nimsuke nywele, kazi ninayoiharibu kila juma. Nani angeiharibu nisipokuwepo? Nikatambaa kuelekea mwangani. Mkono wa baridi ukanishika kisigino. Nikauachia kiatu, nikatokea juani nikitapika.

Nilipomaliza kumsimulia, mama mukwe alianza kusukumia mawe shimoni. Nikamshika mkono.

"Mama, usifunge! Sishuki tena, naapa. Acha hata katundu nimusalimie. Sura yake, sauti yake, kila kitu ni chake! Utamuzika binti yako mara mbili?"

Akautoa mkono wangu kama anayetoa mdudu.

"Nasiba alirudi ndani ya moshi kumutafuta mutoto, hakujua umeshamubeba ukatoka naye. Huyo asiyemujua mutoto, mimi sikumuzaa."